Kona ya hekalu la Kigiriki: pale mchonga mawe alipobanwa na hesabu

Mleta uzi:
Wakuu, habari za jioni. Kuna picha inazunguka kwenye makundi yetu ya mafundi. Hekalu la Parthenon la Athens limechorewa mistari ya dhahabu, na chini yake wameandika kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na namba ya siri, 1.618, iliyofanya majengo yao yapendeze. Wiki hii nimetumiwa mara tatu. Nimeona nilete uzi, maana picha ile inawapora haki yao watu walioshika nyundo na tindo. Mimi ni fundi wa kuweka marumaru, mwaka wa 19 huu kazini, na mahekalu haya nimekuwa nikiyasoma kwa mapenzi kwa muda mrefu.

Tuanze na vipimo vyenyewe. Sakafu ya juu ya Parthenon, pale nguzo zinaposimama, ina upana wa mita 30.88 na urefu wa mita 69.5. Gawanya, unapata 4 kwa 9. Chukua unene wa nguzo kwa chini, mita 1.9, uulinganishe na umbali kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya jirani yake, mita 4.29. Ni 4 kwa 9 tena. Kimo cha uso wa jengo, ukiiacha ile pembetatu ya paa, dhidi ya upana wake: 4 kwa 9. Huo ni uwiano ambao msimamizi anautamka kwa mdomo na fundi anaushika kwa kamba. Ile 1.618 inapatikana tu ukichagua mwenyewe pa kuanzia mstari na pa kuumalizia.

Kazi ilianza 447 KK. Wasanifu walikuwa Iktinos na Kallikrates, na Phidias alisimamia uchongaji. Mwaka 438 KK sanamu ya Athena, mungu wa kike wa mji huo, iliwekwa wakfu ndani, na uchongaji wa nje ukaisha 432 KK. Miaka 15 kwa jengo la marumaru tupu, mawe yakishushwa kutoka mlima Penteli, kilomita kama 16 kutoka mjini.

Sasa njooni kwenye kona, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niyapende mahekalu haya.

Mtindo wa Kidoriki, ambao ndio wa Parthenon, uko hivi. Juu ya nguzo unalala mwamba wa mawe, yaani boriti ya mawe inayotoka nguzo hadi nguzo. Juu ya mwamba kuna mkanda unaozunguka jengo lote, na mkanda huo una vipande vya aina mbili vinavyopokezana. Kuna kipande chenye mifereji ya kusimama, kinaitwa triglifu, kisha kipande kipana kilicho bapa, metope, ambacho mara nyingi kina picha ya kuchongwa. Sheria ya kwanza inasema triglifu moja ikae juu ya katikati ya kila nguzo, na nyingine juu ya katikati ya kila nafasi. Sheria ya pili inasema mkanda ukifika kwenye kona uishe kwa triglifu, si kwa metope iliyokatwa.

Zote mbili zinaonekana rahisi mpaka ufike kwenye kona yenyewe. Mwamba ni mnene kuliko upana wa triglifu, kwa sababu umebeba uzito wote ule. Ukisukuma triglifu hadi ukingoni, katikati yake inatoka nje ya katikati ya nguzo ya kona. Kwa hiyo metope ya mwisho inakuwa ndefu kuliko wenzake. Ukiirudisha triglifu juu ya katikati ya nguzo, kona inabaki na kipande kisicho na mwenyewe. Huwezi kutii sheria zote mbili.

Aliyewahi kuweka marumaru kwenye veranda inayozunguka nyumba anajua uchungu huu. Unaanza mlangoni na vipande vizima, kila kitu kinakwenda vizuri, unafika kona unabakiwa na nafasi ya vidole vinne. Fundi mzuri haweki kile kipande chembamba. Anarudi nyuma, anagawa upungufu ule kwenye mistari mingi, milimita hapa milimita pale, hadi kona inapokea kipande kizima na mwenye nyumba haoni kitu.

Wagiriki walifanya hivyohivyo kwa mawe ya tani kadhaa. Walizisogeza nguzo za kona kuelekea ndani. Pale Parthenon nafasi ya mwisho ni nyembamba kuliko nafasi za katikati kwa sentimeta kama 60. Simama mbele ya picha yoyote nzuri ya jengo lile, hesabu nguzo nane za mbele, kisha linganisha nafasi ya pembeni na ya katikati. Ukishaiona mara moja utaiona kila siku. Na nguzo ya kona wakaiongezea unene kidogo, kwa sababu ndiyo inayosimama ikiwa na anga tupu nyuma yake na mwanga unaila.

Mdau wa Tanga:
Asante kwa darasa mkuu. Mimi naomba kuuliza kitu cha upande mwingine. Kwenye Matendo ya Mitume Paulo anasimama Areopago anawaambia watu wa Athens kwamba Mungu hakai katika mahekalu yaliyojengwa kwa mikono. Areopago na hiyo Parthenon ni mbali? Na ndani ya hekalu waumini walikaa wangapi?

Mleta uzi:
Mkuu, umegusa penyewe. Areopago ni jabali lililo jirani kabisa na Akropolisi, kile kilima ambacho Parthenon imesimama juu yake. Mtu akisimama pale anayaona majengo ya Akropolisi juu yake. Wakati wa Paulo Parthenon ilikuwa na umri wa karibu miaka 500 na bado nzima. Kwa hiyo wasikilizaji wake hawakuhitaji kuelezwa anazungumzia nini, waliinua macho tu.

Kuhusu waumini: ndani hawakukaa. Neno la Kigiriki la hekalu, naos, linatokana na kitenzi cha kukaa, kuishi mahali. Lilikuwa makazi ya mungu, yaani ya sanamu yake, na ghala la mali zake. Ibada ilifanyika nje. Madhabahu ilikuwa uwanjani, kwa kawaida upande wa mashariki. Ng'ombe walichinjwa pale, moshi ukapanda pale, nyama ikaliwa pale, na milango ya hekalu ilipofunguliwa sanamu ilikuwa inatazamana na madhabahu.

Ukilishika hilo, sura ya jengo inajieleza. Msikiti na kanisa vinajengwa kwa ajili ya umati ulio ndani, kwa hiyo utajiri wa sanaa mara nyingi unakuwa ndani. Hekalu la Kigiriki lina umati nje. Ndiyo maana nguzo zimevalishwa nje pande zote nne, na ndiyo maana kona ni jambo kubwa hivi: hakuna uso wa nyuma wa kuficha makosa.

Hata ngazi zinasema hivyo. Jukwaa la Parthenon lina madaraja matatu, na kila daraja lina zaidi ya nusu mita. Mguu wa binadamu haupandi hapo kwa raha. Ni ngazi zilizopimwa kwa ukubwa wa jengo, na pale watu walipotakiwa kupita ziliongezwa ngazi ndogo katikati.

Ndani kulikuwa na giza la kiasi. Sanamu ya Athena, ya dhahabu na pembe za ndovu, ilifika mita kama 12. Mbele yake palikuwa na bwawa la maji, halina kina. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anaeleza kwamba Akropolisi ni pakavu na pembe za ndovu zilihitaji unyevu. Kule Olympia, ambako ni bondeni na kuna majimaji, mbele ya sanamu ya Zeus walimwaga mafuta badala yake.

Mdau wa Nairobi:
Ndugu, sitaki kuharibu uzi, lakini tuseme ukweli. Hawa watu walitoa wazo la nguzo za mawe Misri. Karnak, lile hekalu kubwa la Misri, ilikuwa imesimama karne nyingi kabla Mgiriki hajachonga jiwe. Mbona hatusemi?

Mleta uzi:
Tunasema, ndugu yangu, na una haki ya kusema. Katika karne ya 7 KK Wagiriki walikuwa Misri wakifanya biashara na wakipigana kama askari wa kukodiwa, na mji wao wa Naukratis ulikuwa kwenye delta ya Nile. Ni baada ya hapo ndipo mahekalu yao makubwa ya mawe yanaanza kutokea. Wasomi wengi wanaona kwamba ujasiri wa kujenga kwa jiwe kubwa na ujuzi wa kulichonga vilitoka huko kwa sehemu kubwa.

Ila umbo lenyewe lilitoka nyumbani kwao, na lilikuwa la mbao. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni hekalu la Hera pale Olympia, la takriban 600 KK. Kuta zake zilikuwa za tofali za udongo zisizochomwa, juu ya msingi wa mawe. Nguzo zilikuwa za mbao. Kila nguzo ya mbao ilipochoka iliondolewa ikawekwa ya jiwe, moja moja, kwa vizazi na vizazi, na kila kizazi kilichonga kwa mtindo wa wakati wake. Leo ukipita pale unakuta vichwa vya nguzo havifanani. Vya zamani vimetanuka kama mto wa kulalia uliokandamizwa, vya baadaye vimesimama wima zaidi. Pausanias alipofika, miaka kama 750 baada ya hekalu kujengwa, alikuta nguzo moja bado ni ya mwaloni.

Fikirini hilo jengo. Kila fundi aliyeitwa kubadilisha nguzo alikuta ya mwenzake pembeni, na hakuiga.

Vitruvius, msanifu wa Kirumi, anasema hata zile triglifu ni kumbukumbu ya vichwa vya boriti za mbao vilivyokuwa vikichungulia juu ya mwamba. Wapo wasomi wanaompinga, kwa sababu triglifu zinazunguka pande zote nne na boriti haziwezi kutokeza pande zote kwa kimo kimoja. Mimi naona hoja yao ina nguvu. Lakini chini ya kila triglifu kuna vijiti vidogo vya mawe, kama vigingi vya kupigilia mbao, na hivyo sijaona aliyevieleza vizuri bila kumtaja seremala.

Dada mchora ramani:
Kaka, nimefurahi sana kuuona uzi huu. Naomba niongeze kuhusu mikunjo, maana watu hupenda kusema Parthenon haina mstari ulionyooka halafu wanaishia hapo.

Sakafu imeinuka katikati kama mgongo. Upande mfupi imepanda sentimeta kama 6, upande mrefu kama 11. Nguzo zote za nje zimeinama kidogo kuelekea ndani. Na kila nguzo imevimba taratibu, haipungui kwa mstari ulionyooka kutoka chini kwenda juu. Uvimbe huo unaitwa entasi. Maana yake kazini ni hii: hakuna jiwe linaloweza kubadilishana nafasi na jingine. Nguzo imepangwa kwa mapande ya mawe, moja juu ya jingine, na pande la chini linapaswa kukatwa kwa mshazari ili lipokee sakafu iliyopinda huku likiinamisha nguzo ndani.

Kwa nini walifanya hivyo? Vitruvius anasema ni kwa ajili ya jicho, kwamba sakafu iliyonyooka kabisa ingeonekana imebonyea. Hilo ndilo jibu linalorudiwa kila mahali. Mimi nadhani mvua nayo ilikuwa na neno lake, kwa kuwa sakafu yenye mgongo inamwaga maji. Na uvimbe wa nguzo kwenye mahekalu ya zamani ya Paestum, Italia, ni mkubwa mno kuwa wa kurekebisha jicho. Unaonekana wazi ukiwa mbali. Waliutaka uonekane, nguzo ionekane inabeba.

Sasa lililokuwa likinisumbua mimi ni hili: walichoraje? Jibu lilipatikana 1979 kule Didyma, Uturuki ya leo, kwenye hekalu la Apollo. Mtafiti Lothar Haselberger aliona kwenye kuta za ndani mistari myembamba iliyokwaruzwa kwa ncha ya chuma. Ilikuwa michoro ya kazi ya jengo lilelile. Mmoja wao ni wa entasi. Upana wa nguzo umechorwa kwa kipimo chake halisi, lakini kimo kimefupishwa mara 16: kila kidole kimoja kwenye mchoro ni futi moja ya nguzo, kwa kuwa futi yao ilikuwa na vidole 16. Ukifupisha kimo hivyo, mkunjo usioonekana kwa macho unakuwa upinde unaoweza kuuchora kwa kamba na kituo kimoja, halafu unapima upana kila futi na kuupeleka kwenye jiwe. Nilipolielewa hilo niliacha kazi niliyokuwa nayo mezani nikajaribu kuichora mwenyewe, na ilikubali.

Na michoro ile imesalia kwa sababu hekalu halikumalizika. Hatua ya mwisho ya kazi ilikuwa kusugua kuta ziwe laini. Ingefanyika, mistari yote ingefutika.

Mleta uzi:
Dada, nakushukuru. Mimi nilikuwa naifundisha ile ya jicho kana kwamba ni neno la mwisho. Nimejifunza.

Mdau wa Mombasa:
Swali langu ni la hela na la watu. Hii kazi ilifanywa na watumwa, sivyo?

Mleta uzi:
Si wao peke yao, na hapa tuna bahati, kwa sababu hesabu zimebaki zimechongwa kwenye mawe. Erechtheion, lile hekalu lenye wanawake sita wa mawe waliobeba paa, liko hatua chache kutoka Parthenon. Hesabu zake za malipo za 409 KK na miaka iliyofuata zinataja watu kazini. Kuna 86 ambao hadhi yao inajulikana: raia 24, wageni wakaazi 42, watumwa 20. Malipo ya kawaida yalikuwa drakma 1 kwa siku, na msanifu naye alihesabiwa drakma 1 kwa siku. Mtumwa aliandikiwa kiwango kilekile, ila fedha yake ilikwenda kwa bwana wake, na hilo tusilipake rangi.

Kwenye kazi ya kuchonga mifereji ya nguzo unakuta kikundi cha watu kadhaa kwenye nguzo moja, bwana na watumwa wake pamoja, kila mmoja kwenye mfereji wake. Nguzo ya Kiioni, mtindo mwingine wa Kigiriki ambao ndio wa Erechtheion, ina mifereji 24, ya Kidoriki kwa kawaida 20. Mifereji ilichongwa nguzo ikiwa imeshasimama, ili mistari ipite juu ya maungio ya mapande bila kukatika.

Mdau wa Mombasa:
Maungio yale yalishikwa na nini? Saruji haikuwepo.

Mleta uzi:
Hakuna saruji wala chokaa. Jiwe juu ya jiwe, uso kwa uso. Walisugua ukingo wa kila jiwe ukawa laini kabisa, na katikati wakaiacha chini kidogo na yenye mikwaruzo, ili maungio yabane pembeni bila kusumbuliwa na kinundu cha katikati. Katikati ya kila pande la nguzo kuna shimo la mraba lenye kizibo cha mbao na kijiti cha kuongoza pande la juu likae sawasawa. Mapande yalipofunguliwa wakati wa ukarabati, baadhi ya vizibo hivyo vilikutwa bado ni mbao nzima, kwa sababu maungio yalibana kiasi kwamba hewa na maji havikupita.

Mawe ya ukutani yalifungwa kwa vibano vya chuma, na kila kibano kikamiminiwa risasi iliyoyeyushwa pande zote. Risasi ilizuia maji yasifike kwenye chuma, na kwa ulaini wake ilipokea mtikisiko wa tetemeko. Hili naomba mafundi mlisome mara mbili. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos aliikarabati Parthenon kwa vyuma vipya bila kuvifunika kwa risasi ile. Chuma kikapata kutu, kutu ikafura, marumaru ikapasuka kutoka ndani. Kamati iliyoundwa 1975 imekuwa ikivitoa vyuma vile na kuweka titani badala yake.

Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja karibu na bahari kubandika upya marumaru ya kwenye nguzo. Nilipogonga, zege lilimeguka kama mkate, nondo ndani imevimba kwa kutu. Aliyejenga aliweka zege jembamba juu ya nondo, chumvi ikaingia. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee, akaniuliza kama gundi nzuri ingesaidia. Ilibidi nimwambie hapana, na siku ile niliumia.

Dada mchora ramani:
Kaka, kabla hujaenda, rudi kwenye kona. Waliwahi kupata dawa yake kamili?

Mleta uzi:
Hawakupata, dada. Vitruvius anaandika kwamba baadhi ya wasanifu wakubwa, akiwemo Pytheos na Hermogenes, walifikia kusema Kidoriki hakifai kwa mahekalu kwa sababu ya kona hiyo. Anasimulia kwamba Hermogenes alikuwa ameshaandaa marumaru ya hekalu la Kidoriki, akabadili mawazo, akalijenga la Kiioni kwa ajili ya Dionysos. Kiioni kina mkanda usiokatwakatwa, hakina triglifu za kugombana nazo. Ila nacho kina kona yake: kichwa cha nguzo ya Kiioni kina uso wa mbele na ubavu, kwa hiyo kwenye kona inabidi kukunja kile kizingo cha pembeni, ule mviringo ulio kama gombo lililoviringishwa, kitoke kwa mshazari ili pande zote mbili zione uso. Ukitazama vichwa vile vya kona, utaona mchongaji amekunja jiwe kama mtu anayekunja shuka.

Mdau wa Tanga:
Mkuu, moja la mwisho. Nikitaka kuona hatua za kazi zenyewe, si jengo lililokamilika, nitafute picha za wapi?

Mleta uzi:
Tafuta Segesta, Sisilia. Ni hekalu la mwishoni mwa karne ya 5 KK ambalo kazi yake ilikatika njiani. Nguzo 36 zimesimama, mwamba na pembetatu za paa zipo juu yake, lakini paa hakuna na chumba cha ndani hakipo. Nguzo hazina mifereji hata mmoja. Kisha kuza picha uangalie madaraja ya jukwaa. Kwenye mawe kuna vinundu vimetokeza, kama ngumi. Ni vile vya kufungia kamba wakati wa kuyanyanyua mawe, ambavyo kwa kawaida vilikatwa siku za mwisho za kazi. Pale bado vipo, mstari mzima.